Makato

Habari ilitufikia wakati wa vitalu.
Mwezi wa tisa, Urambo, vumbi hadi kwenye kope,
Kalunde ana ndoo kichwani na ndoo mkononi,
anamwagilia miche isiyozidi ukucha,
na redio ya Nsimba, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
ikasema kuna benki imekufa Marekani.

Tukacheka. Nsimba akauliza, imezikwa wapi?
Hatukujua kwamba rambirambi zetu
zilikwisha andikwa kwenye daftari.

Mimi ni karani wa chama cha msingi.
Nina kiti, kikokotoo, stakabadhi za nakala tatu,
na kiganja cha rangi ya zambarau
kwa kuwashika wenzangu mkono waweke dole.
Najua mbolea ilikuja mifuko mingapi,
najua kila mfuko ulikopwa kwa dola,
dola ambayo Kalunde hajapata kuigusa
ila anailea kama mtoto wa kambo:
yeye anakonda, yenyewe inanenepa.

Masika yalikuwa mema, nalisema hilo kwa haki.
Jani likatanda shambani kama kanga iliyoanikwa.
Bani likala magogo ya mtundu siku saba, usiku na mchana,
Kalunde akiamka kila saa kuchungulia kipimajoto
kama mama mwenye mtoto wa surua.
Likatoka rangi ya asali.
Nililinusa mwenyewe. Rangi ya asali.

Mwezi wa tano mteuzi akashuka kwenye gari jeupe,
akapita kati ya mitumba
kama mtu aliyefika msibani asimjue marehemu.
Anachomoa jani, analikunja, analiachia.
La kwanza la mwaka jana likawa la tatu.
La tatu likawa takataka.
"Soko la dunia," akasema, bila kumtazama mtu,
kama anayesema kumekucha.

Nikabonyeza. Mbolea. Dawa. Nyuzi. Magunia.
Ushuru wa chama, ushuru wa halmashauri, riba.
Kisha fungu la deni la Mihayo
aliyetorokea Mpanda usiku na baiskeli mbili, moja si yake,
maana wanakikundi hudhaminiana
na anayebaki ndiye anayelipa.
Kikokotoo kikaleta namba ndogo
yenye kistari mbele yake.
Nikakizima. Nikakiwasha. Kistari kipo.

"Nieleze," akasema Kalunde.

Nikamweleza nilivyosikia: huko watu walikopeshwa nyumba,
wakashindwa kulipa, deni likauzwa,
aliyelinunua akaliuza, na wa tatu akaliuza.

"Nyumba zenyewe zipo?"
Zipo.
"Zina watu?"
Nyingine tupu.
"Na wenye benki, wametorokea Mpanda?"
Hapana. Serikali yao imewalipia.

Akafikiri kidogo, akajikuna shingo
pale utomvu wa tumbaku unapomwasha.
"Basi wamepata kikundi kizuri kuliko changu."

Usiniletee ile ya tembo na nyasi.
Nyasi hazidaiwi mbolea.
Nyasi haziweki dole.

Akaokota jani lililokataliwa, akalifikicha,
akaiviringisha ile nakala ya waridi, stakabadhi yake,
jina lake ndani, kilo zake ndani, kistari ndani.
Miaka kumi na minne analima, hajawahi kuvuta.
Akawasha, akakohoa mpaka machozi,
au machozi yalikuwepo, sikuangalia sana.
Akanipa na mimi.

Nikavuta.
Ilikuwa tumbaku nzuri.

Mkaguzi huniuliza kila mwaka
nakala ya tatu iko wapi.
Namjibu, panya.